Kopo la nanasi limevimba, na tarehe bado

Wiki iliyopita shangazi alinitumia picha ya kopo la nanasi, kifuniko kimetuna kama tumbo la mtoto mwenye minyoo. "Baba, tarehe bado miezi saba. Nilifungue?"

Nikampigia hapo hapo. "Shikamoo shangazi. Usilifungue, wala usilionje."

Nasindika matunda kwa riziki, na swali hili naulizwa kila mara. Tarehe ya kwenye kopo inamhusu aliyelitunza vizuri. La shangazi lilikaa karibu mwaka mzima kwenye rafu juu ya jiko la gesi, tena Dar es Salaam, ambako hata jiko likiwa limezimwa nyumba ni tanuri.

Nanasi lina uchachu mkali, pH yake (kipimo cha uchachu: namba ikishuka, uchachu unapanda) kwa kawaida ni kati ya 3 na 4. Bakteria wa botulizimu, ambaye sumu yake hupoozesha misuli, hawezi kuota pH ikiwa 4.6 au chini ya hapo. Ndiyo maana nanasi linatosheka na joto la maji yanayochemka, ilhali maharage yanadai kama nyuzi 121. Lakini uchachu huohuo unaotulinda unatafuna bati, polepole, na joto likizidi unatafuna kwa kasi. Hapo hutoka gesi ya hidrojeni, kopo linavimba. Kwa hiyo nanasi huanza kupoteza ubora baada ya mwaka mmoja au mmoja na nusu. Maharage hufika hata miaka mitano.

Sasa, uvimbe unaweza kuwa hidrojeni, au hamira na bakteria waliopenya kwenye mshono uliolegea, pale bati linapoungana. Kwa macho hata mimi sitofautishi. Tupa. Hali kadhalika likivuja, likirusha maji unapolitoboa, au likinuka pombe. Bonde dogo la ubavuni halina neno, ila likiwa kwenye mshono, usilihurumie. Kutu inayofutika kwa kitambaa isikutishe.

Ukishafungua, hamishia matunda kwenye bakuli la kioo au plastiki, weka kwenye friji, yaliwe ndani ya siku tano hadi saba. Makopo mengi ya nanasi hayapakwi kitu ndani, makusudi, maana bati tupu hulinda ile rangi ya njano. Hewa ikiingia, bati linayeyuka haraka na utaonja chuma.

Mnaofungasha wenyewe kwenye chupa, bonyeza kifuniko katikati: kikicheza na kulia "tik", hewa imeshaingia. Na jamani, papai si nanasi! Uchachu wake hautoshi. Usilifungashe bila kipimo sahihi cha maji ya limao au asidi ya sitriki.

Shangazi alilifunga kopo kwenye mifuko miwili, akalitupa, huku akilalamika kuhusu pesa yake. Manne yaliyobaki hayajavimba. Yamehamia chumbani, chini ya kitanda, kwenye sakafu ya saruji.