Kuua si dalili ya ugonjwa wa akili

Mtu akiuawa Ngamiani au Makorora, hapa Tanga, maiti haijafika hata mochwari, barazani kesi imeshakwisha: "Yule chizi tu." Nani kampima? Hajulikani. Mahakama yenyewe ikiwa na shaka na akili ya mshitakiwa haimkadirii kwa macho, humpeleka Isanga, taasisi ya wagonjwa wa akili iliyopo Dodoma, achunguzwe na daktari. Sisi twamaliza kwa kikombe kimoja cha kahawa.

Anayelipia maneno hayo ni mwingine kabisa: kijana anayezunguka Soko la Mgandini akiongea peke yake, watoto wanamrushia mawe na watu wazima wanacheka. Utafiti uliofanywa Chicago na kuchapishwa mwaka 2005 ulikuta wenye magonjwa makali ya akili wanafanyiwa ukatili zaidi ya mara 11 kuliko watu wengine. Huko Sweden, utafiti wa mwaka 2006 ulikadiria kuwa kama asilimia 5 tu ya makosa ya ukatili yanahusishwa na wagonjwa hao. Yaliyobaki ni ya wazima: pombe, wivu, mashamba, madeni.

Nisifiche, hatari ipo kwa wachache. Mgonjwa asiyetibiwa, anayeamini ndugu yake anamtilia sumu, na juu yake anakunywa gongo au anavuta bangi, huyo ni wa kuangaliwa. Na mara nyingi anayeumia ni mtu wa nyumbani, si mpita njia. Ukiona amekataa chakula cha mama yake, analala na panga, kila siku anamtaja mtu yuleyule, usibishane naye kuhusu anayoyaamini. Ondoa panga na mchi kimyakimya, mlete kwetu Hospitali ya Bombo. Akikataa, Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inaruhusu polisi kusaidia kumfikisha hospitali. Kumfunga kamba kwenye mnazi si tiba, na kunamwongezea sababu ya kuwaogopa.

Wengi wanaorudi hospitali wakiwa wamevurugika walikuwa wameshapata nafuu. Kilichowaangusha ni dawa kuachwa, na hapa familia hatuzilaumu sana. Mgonjwa anachomwa sindano ya mwezi, baada ya siku mbili shingo inakakamaa, mate yanamtoka, anatembea kama mti. Shangazi anasema, "Dawa zinammaliza mtoto," anapelekwa kwa mganga, sindano inayofuata haichomwi. Kumbe kukakamaa huko ni maudhi ya dawa tunayoyajua, na kuna kidonge cha kuyatuliza. Ungerudi siku ileile, dozi ingepunguzwa au dawa ikabadilishwa. Kwa mganga nenda ukitaka, dua hatuikatazi, ila dawa isikatwe.

Anayedhani wagonjwa hawa ni wa kufungiwa tu apande hospitali ya akili ya Lutindi, milimani Korogwe, wanakotibiwa tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Kule kazi ya shamba ni sehemu ya tiba. Mgonjwa anapewa jembe mkononi, analima na wenzake, jioni analirudisha.

Kama tarehe ya sindano imepita, wiki au miezi, njooni hivyohivyo. Kadi ikiwa imepotea mtaandikiwa nyingine. Aje na mtu anayelala naye nyumba moja, maana yeye ndiye anayejua analala saa ngapi na anakula nini.