"Mashine Haina Ndugu": Tunayoamini Mwaloni Kuhusu Akili Mnemba

Pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki jijini Mwanza, ubishi wa wauza dagaa siku hizi unaamuliwa na simu. Mtu anaiuliza akili mnemba, ile inayoitwa AI, inajibu kwa Kiswahili kilichonyooka, kila mtu anarudi kwenye gunia lake. Mimi ndipo wasiwasi unaponianza.

Wanasema inajua. Haijui. Programu kama ChatGPT, iliyotoka Novemba 2022, imefundishwa kwa maandishi mengi mno, na kazi yake ni kukisia neno lipi lifuate. Ikikosa jibu hainyamazi kama mzee anayejiheshimu. Mara nyingi inatunga. Mwaka 2023, huko New York, mawakili wawili na kampuni yao walitozwa faini ya dola 5,000 kwa sababu walipeleka mahakamani kesi zilizotungwa na programu hiyo. Sasa wewe unaiuliza bei ya dagaa wa Ukerewe leo alfajiri, jambo ambalo huenda hakuna aliyeliandika popote!

Lakini ninalolisikia zaidi ni hili: mashine haina ndugu, kwa hiyo haipendelei. Nawaelewa, madalali wametuchosha. Ila hata mizani haina ndugu, na kila mama anayeuza sangara anajua jinsi inavyochezewa. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu tatu zinazotambua jinsia ya mtu kwa kutazama sura. Kwa wanaume weupe, makosa hayakuzidi asilimia 0.8. Kwa wanawake weusi, yalifika asilimia 34.7. Hakuna aliyeiambia mashine ibague. Picha za kufundishia na kupimia zilijaa watu weupe, basi. Na si mambo ya maabara tu. Januari 2020, karibu na Detroit, Robert Williams, Mmarekani mweusi, alikamatwa mbele ya mkewe na watoto wake kwa wizi wa saa ambao hakuufanya. Kompyuta ilimfananisha na mwizi, na polisi wakaiamini.

Kwamba hayo ni ya Wazungu? Hapo Nairobi tu, vijana walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma maandishi ya ukatili ili ChatGPT ijifunze kuyakwepa.

Halafu kuna wanaoapa kwamba sauti ya mtu haiigwi. "Ile hela tuma kwenye namba hii" tuliizoea kwa meseji. Leo kipande kifupi cha sauti yako, kikichotwa kwenye kundi la harusi, kinatosha kutengeneza sauti inayofanana nayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo, ya mwaka 2022, lakini tapeli haombi ruhusa.

Mama yangu mdogo wa Igogo ana dawa yake. Anayeomba hela kwa simu, hata awe mwanawe, anamkatia, anampigia upya kwa namba ya siku zote, kisha anamuuliza mtumbwi wa marehemu babu uliitwaje. Juzi zamu ilikuwa yangu. Nikasahau jina, na sikupata hata mia.