Je, ni lazima ueleze unataka taarifa ya serikali ya nini?

Wengi nchini Kenya huamini kwamba ukiomba hati katika ofisi ya umma, tuseme bajeti ya barabara ya kijijini, sharti kwanza ueleze unaitakia nini. Si ajabu: "Ya nini?" ni swali ambalo limewarudisha watu wengi nyumbani mikono mitupu.

Ibara ya 35 ya Katiba ya 2010 humpa kila raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inasema sababu zako haziathiri haki hiyo. Andika ombi kwa Kiswahili au Kiingereza. Kuliwasilisha ni bure, ingawa nakala zaweza kulipiwa. Jibu linatakiwa ndani ya siku 21. Zipo taarifa zinazozuiwa, kama za usalama wa taifa. Ulizia sheria hiyo maktabani, ukisome mwenyewe kifungu cha 4.