Famakolojia si famasia ya ngazi ya juu

Mtu akitangaza kwamba amepata nafasi ya kusoma uzamili wa famakolojia, pongezi hufuatwa na swali lile lile: duka la dawa utafungua lini? Huuliza ndugu, huuliza majirani, na wapo hata waombaji wa vyuo wanaojaza fomu wakiamini kwamba mwisho wa safari watakuwa wafamasia wakubwa zaidi.

Famakolojia ni sayansi inayochunguza dawa inaufanyia nini mwili, na mwili nao unaifanyia nini dawa. Famasia ni taaluma ya kuandaa dawa, kuitunza, kuitoa na kumwelekeza mgonjwa namna ya kuitumia. Mfamasia husoma famakolojia, naam, lakini daktari pia huisoma, na muuguzi, na daktari wa mifugo. Hao wote wanafundishwa yaliyokwisha kujulikana. Anayesomea uzamili au uzamivu anafunzwa kutafuta yasiyojulikana bado, na hapo ndipo watu wanapopotea.

Chukua mgonjwa mwenye VVU anayetumia dolutegraviri, dawa ya kufubaza virusi hivyo, kisha akapata kifua kikuu na kuanzishiwa rifampisini, dawa ya kutibu kifua kikuu. Rifampisini huchochea vimeng'enya vinavyovunja dawa mwilini, hasa kwenye ini, na dolutegraviri huondoka haraka kuliko inavyotakiwa. Ndiyo maana mgonjwa huyo hupewa miligramu 50 mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Anayemkabidhi vidonge na kumsisitizia asiruke dozi ya jioni anafanya kazi ya famasia, kazi yenye uzito mkubwa. Lakini kabla ya hapo ilibidi watu fulani waombe kibali cha maadili ya utafiti, wachukue damu za wagonjwa kwa saa zilizopangwa, wapime kiasi cha dawa kilichobaki, wachore mkunjo wa kupanda na kushuka kwake, kisha watetee hesabu zao mbele ya wenzao. Kazi ya namna hiyo ndiyo anayofunzwa mwanafunzi wa famakolojia. Sehemu kubwa ya miaka yake huishia maabara na kwenye takwimu, na majaribio mengi hurudiwa kwa sababu sampuli zimeharibika au kipimo hakiaminiki.

Historia nayo inathibitisha. Mwaka 1847 daktari Mjerumani Rudolf Buchheim alianza kufundisha chuo kikuu cha Dorpat, mji ambao leo ni Tartu, Estonia. Enzi hizo somo la dawa katika vyuo vya udaktari lilikuwa orodha ndefu ya mizizi, chumvi na mafuta ya kukariri. Buchheim alitaka kila dai lipimwe kwa jaribio, akajenga maabara ndani ya nyumba yake kwa gharama zake. Mwanafunzi wake, Oswald Schmiedeberg, alihamia Strasbourg mwaka 1872, na watafiti wakamfuata kutoka nchi nyingi kufunzwa chini yake. Mmoja wao, John Jacob Abel, aliipeleka fani hiyo Marekani: Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1891, kisha Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mwaka 1893. Mwalimu, maabara, mwanafunzi mwenye swali lake: fani hii ilikua hivyo, na hadi leo mafunzo yake yanaendeshwa hivyo.

Kwa Tanzania kuna jambo la kisheria pia. Mfamasia ni aliyesoma shahada ya famasia na kusajiliwa na Baraza la Famasi. Mtu aliyetoka kwenye biokemia akamaliza uzamivu wa famakolojia ni daktari wa falsafa kwa haki yake yote, ila usajili ule hana, na shahada yake haimpi. Kinyume chake, mfamasia aliyesajiliwa akisoma uzamili huo anabaki mfamasia, na juu yake anakuwa mtafiti.

Basi binti wa jirani akirudi na shahada hiyo, usimwulize duka. Mwulize alitafiti dawa gani, na aligundua nini.