Silanti haigandi jinoni kama gundi

Silanti ya mtoto ikibanduka baada ya wiki chache, mzazi hulaumu dawa. Mara nyingi dawa haina kosa. Tatizo ni mate.

Silanti ni resini nyepesi, yaani plastiki ya majimaji inayogandishwa kwa taa, tunayoitandaza kwenye mifereji ya gego, ili mabaki ya chakula na bakteria visijifiche humo. Kwenye enameli nyororo, yaani ganda gumu la nje la jino, resini haina pa kushika, kwa hiyo lazima kwanza tuichimbie. Mwaka 1955 Michael Buonocore wa Marekani alionyesha kwamba enameli iliyopakwa asidi ya fosforiki hushikana vizuri zaidi na akriliki, aina ya plastiki. Yake ilikuwa ya asilimia 85. Sisi siku hizi tunatumia jeli ya 35 hadi 37. Asidi hula madini, inaacha vitobo vidogo mno, resini inazama humo na kuganda kama mizizi.

Safisha mifereji kwa brashi na unga wa pumisi uliochanganywa na maji, usio na mafuta. Tenga jino kwa rabadamu, kile kipande cha mpira kinachozuia mate, au kwa pamba na kinyonya mate. Paka jeli sekunde 15 hadi 30, osha kwa maji sekunde 15 au zaidi, kisha puliza hewa mpaka enameli iwe nyeupe kama chaki. Isipopauka, rudia asidi. Kabla ya yote, puliza ile hewa kwenye kioo cha kinywa: ukiona ukungu wa mafuta, kompresa yako, mashine inayosukuma hewa, inaharibu kazi ya siku nzima.

Mate yakigusa enameli iliyokwisha pauka, hata kwa sekunde moja, protini zake huziba vile vitobo. Kufuta kwa pamba hakusaidii. Paka asidi tena sekunde 10, osha, kausha.

Meno yenye madoa ya floridi, tunayoyaona sana Arusha na kuzunguka Mlima Meru, hayaliwi na asidi kirahisi. Hayo yaongezee muda.

Dentini, tabaka lililo chini ya enameli, ina tabia nyingine. Ina maji na nyuzi za protini ya kolajeni. Ukiikausha mno baada ya asidi, nyuzi hulaliana kama wavu ulioanikwa, na gundi ya majimaji inayopakwa kabla ya resini haipenyi. Iache na unyevu kidogo, sugua gundi, kisha puliza polepole mpaka isitembee tena: hapo kimumunyishi, kile kimiminika kinachoyeyusha gundi, kimeshatoka.

Taa ya bluu ya kugandisha resini ikae karibu kabisa na jino, sekunde 20 kwa taa nyingi. Utando unaonata juu ni kawaida, oksijeni imezuia resini ya juu isigande. Ufute kwa pamba. Halafu jaribu kuinua ukingo wa silanti kwa sondi, kile kijiti cha chuma chenye ncha. Ikiinuka, anza upya, usiongezee resini juu yake.

Gego ambalo ufizi bado unalifunika kwa nyuma halikauki hata ufanyeje. Hapo mimi huchagua sementi ya glasi ionoma, inayoshikana na kalsiamu ya jino na kuvumilia unyevu. Hudondoka mapema kuliko resini, ila hununua muda mpaka gego litoke lote.