Pikipiki "kuundwa upya" maana yake nini? Tuitazame rodista

Ukipita maduka ya pikipiki mjini Tabora utakuta neno "mpya" limebandikwa kila mahali: toleo jipya, muundo mpya, mwonekano mpya. Ukiinama ukakagua, mara nyingi kilichobadilika ni stika za tenki, rangi ya rimu, na pengine taa ya mbele iliyochongoka kidogo kuliko ya mwaka jana. Hakuna ubaya, mwenye duka naye anatafuta riziki. Ila hiyo siyo pikipiki iliyoundwa upya. Kipimo changu ni kimoja, nacho kinafanyika duka la spea: ulizia pistoni, gasketi ya silinda hedi na sahani za klachi za toleo la zamani, halafu uone kama zinaingia kwenye hilo linaloitwa jipya. Zikiingia zote, umeuziwa rangi. Zikikataa, basi kuna watu walikaa chini wakachora upya.

Tukipeleke kipimo hicho kwenye pikipiki ambayo vijiweni kwetu huioni, ingawa kijana mwenye simu ameshaiona picha yake: rodista.

Rodista ni pikipiki ya lami yenye injini kubwa ambayo haikuvalishwa mabodi. Injini, fremu, rejeta, mabomba ya ekzosi, vyote viko nje vinaonekana. Hakuna kioo kikubwa cha kukinga upepo, hendeli ni pana na imeinuka, dereva anakaa karibu wima badala ya kulalia tenki kama wale wa mashindano. Kwa umbo tu, Boxer inayosubiri abiria pale stendi ni jamaa wa karibu wa rodista kuliko pikipiki ya mbio. Wanachoachana ni kilichomo ndani. Boxer ya cc 150 inatoa nguvu za farasi 12 hivi. Rodista kali za leo zinaanzia farasi 150 na kupanda; Ducati Streetfighter V4 iliyotoka 2020, yenye cc 1,103, inatoa 208.

Zilikotoka nako kunachekesha. Miaka ya 1980 kampuni za Japani zilianza kuwauzia watu wa kawaida pikipiki zilizofanana na za mashindano, zimefunikwa plastiki mbele mpaka ubavuni. Suzuki GSX-R750 ya 1985 ndiyo iliyowatia watu wazimu. Vijana wa Uingereza na Ujerumani walizinunua, wakaanguka nazo, wakaona bei ya mabodi mapya, wakaamua kung'oa yaliyobaki, kufunga hendeli iliyonyooka na kuendelea na safari. Bodaboda aliyewahi kuvunja mfuniko wa ubavuni na kuuacha hivyo hivyo anawaelewa kabisa. Kampuni zikaliona soko. Mwaka 1992, kwenye maonyesho ya Cologne, Ducati ikaonyesha Monster, mchoro wa Miguel Galluzzi, Mwargentina, iliyotengenezwa kwa kuchanganya vipande vilivyokuwa tayari kiwandani: injini ya modeli hii, fremu iliyoanzia kwenye modeli ile. Mwaka 1994 Triumph wa Uingereza wakatoa Speed Triple, silinda tatu, cc 885. Kwa hiyo rodista za mwanzo zilikuwa kazi ya kuunganisha spea, na kwa kipimo chetu cha duka zisingefaulu hata kidogo.

Speed Triple ndiyo ninayotaka tuifungue, kwa sababu toleo lake la 2021, linaloitwa 1200 RS, ni somo zima.

Toleo lililotangulia lilikuwa na cc 1,050 na farasi 150. Jipya lina cc 1,160 na farasi 180. Mtu wa haraka atasema wameongeza cc tu, nguvu ikapanda. Lakini ukigawanya utaona hesabu haikubali: cc zimeongezeka kama asilimia 10, farasi zimeongezeka asilimia 20. Hiyo ziada imetoka wapi?

Imetoka kwenye umbo la silinda. Injini ya zamani ilikuwa na silinda yenye kipenyo cha milimita 79, na pistoni ikisafiri milimita 71.4 kutoka chini mpaka juu. Injini mpya ina kipenyo cha milimita 90, safari ya pistoni milimita 60.8. Yaani silinda imekuwa pana na fupi. Upana unampa mchoraji nafasi ya kuweka valvu kubwa zaidi juu ya pistoni, hewa ikaingia kwa wingi na moshi ukatoka haraka. Ufupi unaipumzisha pistoni.

Hapo kwenye pistoni tukae kidogo, maana ndipo watu wengi hupaacha. Injini ya zamani ilifikia kilele cha nguvu kwenye mizunguko 10,500 kwa dakika. Kila mzunguko pistoni inapanda na kushuka, yaani milimita 142.8. Zidisha: karibu mita 1,500 kwa dakika, sawa na mita 25 kwa sekunde, na njiani inasimama na kugeuza mwelekeo mara mbili kwa kila mzunguko. Hapo chuma kinalia. Mpya inafikia kilele chake kwenye mizunguko 10,750, iko juu zaidi, lakini kwa kuwa safari ni fupi, pistoni inakwenda wastani wa mita 21.8 tu kwa sekunde. Injini inazunguka kwa kasi zaidi huku pistoni yake ikikimbia polepole zaidi. Na kwa kuwa nguvu za farasi ni zao la nguvu ya kuvuta ukizidisha na kasi ya mzunguko, injini inayoweza kuvuta vizuri huko juu bila kujiumiza ndiyo inayoshinda. Nguvu ya kuvuta yenyewe ilipanda kutoka nyutonimita 117 hadi 125, na kilele chake kikahama kutoka mizunguko 7,150 kwenda 9,000.

Sasa jaribu kuchukua pistoni ya milimita 79 uitumbukize kwenye silinda ya milimita 90. Ndiyo maana nasema kipimo cha duka la spea hakidanganyi. Kubadili kipenyo kwa kiasi hicho ni kubadili kranki, bloku, hedi, valvu na kila kinachozigusa. Juu ya hayo injini hiyo iliyoongezeka cc ilipungua uzito kilo 7 kuliko ile ndogo, na pikipiki nzima ikashuka kilo 10 mpaka kilo 198 ikiwa na mafuta. Ukigawa uzito kwa nguvu unapata kilo 1.1 kwa kila farasi, kutoka karibu 1.4.

Wengi wakisikia "nguvu zaidi" wanasahau uzito, na hapo BMW S 1000 R ya 2021 inawachanganya. Iliyotangulia ilikuwa na farasi 165. Mpya nayo ina farasi 165. Kijiweni wangesema tumepigwa. Lakini injini ni nyingine, imetokana na ile ya pikipiki yao ya mbio ya S 1000 RR ya 2019, imepungua kilo 5, na fremu imechorwa upya ili injini yenyewe ibebe sehemu kubwa ya mzigo. Jumla ilishuka kutoka kilo 205 hadi 199. Wangeweza kuachia farasi zaidi, maana RR inatoa 207. Hawakutaka: dereva wa rodista anatumia mizunguko ya katikati, anapopita lori au anapotoka kwenye kona, wala si ile ya juu kabisa ambayo utaifikia kwenye uwanja wa mashindano tu. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo iliyoundwa upya kwa akili kuliko zote, ingawa haina tarakimu ya kujivunia.

Taa za mbele nitazitaja kwa kifupi, kwa kuwa ndizo zinazoleta ugomvi mkubwa kuliko umuhimu wake. Speed Triple ilijulikana kwa taa mbili za duara tangu 1997; zilipoondolewa 2011 wapenzi wake walinung'unika sana. Ducati Monster ya 2021 ilipata maneno makali zaidi, lakini yale yalikuwa na msingi: walitupa fremu ya mabomba yaliyosukwa, ambayo ndiyo ilikuwa sura ya Monster tangu mwanzo, wakaweka kipande kifupi cha alumini kinachofungwa moja kwa moja kwenye injini. Fremu hiyo ni nyepesi kwa kilo 4.5, na pikipiki nzima ilipungua kilo 18 ukilinganisha na Monster 821. Kwenye pikipiki yenye mabodi ungeweza kubadili fremu na mnunuzi asijue. Kwenye rodista fremu ni sura, kwa hiyo fundi mchoraji anafanya kazi mbili kwa mpigo, kipande kiwe imara na kiwe cha kutazamika, mpaka mpira wa rejeta upite mahali pa heshima.

Vya umeme navyo vimejaa: dashibodi ya rangi, kitambuzi kinachojua pikipiki imelala kiasi gani kwenye kona ili breki zisifunge tairi, hali za uendeshaji za mvua na za barabara kavu. Ni vitu vya maana, vinaokoa roho. Ila programu peke yake siiti kuundwa upya.

Umeshaona kwamba mwaka 2021 unajirudia. Umoja wa Ulaya una sheria ya moshi wa pikipiki inayoitwa Euro 5, iliyoanza kwa modeli mpya Januari 2020 na kwa pikipiki zote mpya Januari 2021. Kaboni monoksidi ilishushwa kutoka gramu 1.14 hadi 1.0 kwa kilomita, oksidi za nitrojeni kutoka 0.09 hadi 0.06, na petroli isiyoungua kutoka 0.17 hadi 0.10. Injini iliyochorwa miaka kumi na tano nyuma haiwezi kubanwa hivyo bila kupoteza nguvu, kwa sababu kusafisha moshi kunataka uchomaji makini zaidi na ekzosi yenye kichujio kikubwa na kizito. Kampuni ilibaki na njia mbili: kuacha modeli ife, au kufungua mchoro upya. Na ukishafungua injini kwa ajili ya moshi, gharama ya kupunguza kilo na kubadili fremu inakuwa nyongeza tu. Hivyo mapinduzi mengi ambayo matangazo yanayaita ubunifu yalianzia ofisi ya serikali huko Brussels.

Kwetu hesabu inageuka. Thamani ya pikipiki ya kazi Tabora ni kwamba haijabadilishwa. Kijana mwenye mkataba na bosi, anayepeleka hesabu kila jioni, anataka cheni, plagi na sahani za klachi apate Urambo, Kaliua au Sikonge bila kusubiri basi la kesho. Kampuni ikichora injini upya, maduka yote hayo yanaanza kujaza stoo moja kwa moja kutoka sifuri, na kwa muda fulani spea ya kweli inakuwa adimu huku ya bandia ikijaa. Kwa hiyo stika mpya juu ya injini ile ile, jambo ninalolicheka pale dukani, kwa bodaboda ni habari njema.

Na rodista ikifika huku ingefanyaje? Barabara ya Tabora kwenda Nzega ni lami, ingeifurahia. Mjini sheria ni kilomita 50 kwa saa, na gia ya kwanza pekee ya pikipiki hizi inavuka 100, kwa hiyo gia tano zilizobaki zingekaa kama pambo. Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo inapoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Kigoma mjini, kando ya ziwa lililo kwenye mita 773, ingepumua vizuri zaidi. Ukiingia njia za vumbi kuelekea vijiji vya tumbaku, tairi pana la nyuma la lami, lisilo na meno, linateleza mchangani. Sevisi kubwa ya Speed Triple ni kila kilomita 16,000: bodaboda anayekwenda kilomita 120 kwa siku angezimaliza ndani ya miezi minne na nusu, kisha atafute fundi mwenye kompyuta ya kuisoma. Mishikaki ndiyo usahau. Kiti cha nyuma kinatosha mtu mmoja, tena asiwe na debe la asali.