Kifungu cha kujitoa: haki unayoweza kuipoteza kwa pauni 130

Watu wanaonitafuta kuhusu kuhama kabla ya mkataba wa pango kuisha huanza karibu wote na maneno yaleyale: "Mkataba wangu una kifungu kinachoniruhusu kutoka katikati, kwa hiyo hapo sina shida." Mimi huomba wanitumie kifungu chenyewe, neno kwa neno, si muhtasari wake. Kikifika, mazungumzo hubadilika. Ruhusa yenyewe imeandikwa kwa mstari mmoja, na masharti yake yamejaza nusu ukurasa.

Mkataba wa muda maalumu unawafunga mpangaji na mwenye nyumba mpaka siku yake ya mwisho. Ukihama mwezi wa saba katika mkataba wa miaka miwili, kodi inaendelea kukuhesabia hata kama umesharudisha funguo. Kifungu cha kujitoa kinalegeza fundo hilo: kinampa mpangaji, au mwenye nyumba, au wote wawili, haki ya kuumaliza mkataba mapema bila kumtafutia mwenzake kosa wala kumwomba ridhaa. Anayetoka kwa kukifuata hajavunja mkataba, ametekeleza kilichomo ndani yake.

Kwa sababu ni haki ya upande mmoja, ambayo mwenzako hana la kusema ukiitumia, mahakama huitazama kwa jicho kali. Katika sheria ya mikataba yenye asili ya Uingereza, inayofuatwa katika nchi nyingi, anayetaka kujitoa anapaswa kufuata muda na masharti kama yalivyoandikwa, na kuchelewa siku moja kunatosha kumwangusha. Kesi nitakazozitaja zinatoka huko kwa sababu ndiko vifungu hivi vimebishaniwa sana. Nyingi zilihusu maduka na ofisi, ila mitego yake inamnasa hata aliyepanga chumba kimoja, mradi ukumbuke kuwa sheria ya upangaji ya nchi yako ndiyo inayotangulia.

Tuanze na tarehe. Kuna vifungu vinavyotoa siku moja tu ya kutoka, mathalani siku mkataba unapotimiza miaka mitatu, ukiikosa, umeikosa. Vingine vinaruhusu kutoka wakati wowote baada ya kipindi fulani, kwa notisi ya miezi miwili, tuseme. Hivi vya pili vinaonekana vyepesi, na ndivyo vinavyoniletea ugomvi mwingi. "Baada ya miezi sita, mpangaji anaweza kujitoa kwa notisi ya miezi miwili." Je, naweza kutoa notisi mwezi wa nne ili niondoke mwezi wa sita ukiisha? Au nasubiri miezi sita ipite ndipo nitoe notisi, niondoke mwezi wa nane? Hapo kuna kodi ya miezi miwili inayoning'inia kwenye sentensi moja. Kama hujatia saini, dai iandikwe wazi. Kama umeshatia saini, mwulize mwenye nyumba kwa maandishi anavyoielewa, na asipojibu, hesabu kwa tafsiri inayokuumiza zaidi.

Kesi maarufu kuliko zote kuhusu tarehe ni ya Mannai dhidi ya Eagle Star, iliyoamuliwa mwaka 1997 na mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ya wakati ule. Mkataba ulianza 13 Januari 1992, na mpangaji aliruhusiwa kutoka siku ulipotimiza miaka mitatu. Notisi yake ikataja 12 Januari 1995. Siku moja pungufu. Majaji watatu kati ya watano walisema notisi ni halali, kwa kuwa mtu mwenye busara akiipokea, huku akiujua mkataba, angeelewa mpangaji anakusudia tarehe 13. Wapangaji wengi huishia hapo na kupumua. Lakini Lord Hoffmann, mmoja wa watatu hao, aliweka mpaka: mkataba ukisema notisi iandikwe kwenye karatasi ya buluu, ya waridi haifai, hata kama kila mtu ameielewa. Maana ya maneno yako mahakama inaweza kuisoma kwa huruma. Sharti la namna ya kutoa notisi haiwezi kulifuta.

Miaka 17 baadaye karatasi hiyo ya waridi ilimfikia mtu. Katika kesi ya Siemens Hearing Instruments dhidi ya Friends Life, mkataba ulitaka notisi itaje kwamba imetolewa chini ya kifungu fulani cha sheria ya upangaji ya mwaka 1954. Kutaja huko hakukuwa na faida yoyote iliyobaki kwa yeyote. Mpangaji aliandika notisi safi kabisa, akaacha maneno hayo, na mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ikasema haikufaa. Ndiyo maana ninapoandika notisi ninanakili maneno ya mkataba kama yalivyo, hata yakiwa mabaya. Na kuhusu tarehe huongeza sentensi inayosema kwamba, kama siku iliyotajwa si sahihi, notisi ihesabike kuwa ya siku ya karibu inayoruhusiwa na mkataba. Sentensi hiyo haiokoi kila kitu, ila haina gharama.

Kisha anayetoa na anayepokea. Anayetoa ni mpangaji aliyetajwa kwenye mkataba, si mke wake, si meneja wake, wala kampuni mama ya kampuni yake. Mkiwa wawili mliosaini, wote wawili mtoe, isipokuwa mkataba useme vinginevyo. Anayepokea ni mwenye nyumba wa sasa, kwenye anwani iliyoandikwa, kwa njia iliyoandikwa. Ujumbe wa WhatsApp kwa dalali, akajibu "sawa, nimepata", unafariji lakini huenda usiwe notisi hata kidogo. Kama mkataba unasema kwa mkono au posta ya rejesta, fanya hivyo, halafu ukitaka tuma na barua pepe kama nyongeza. Pata saini ya aliyepokea, yenye tarehe. Na ujue ukishaitoa huwezi kuirudisha mfukoni peke yako. Ukibadilisha mawazo, utahitaji mwenzako akubali.

Hadi hapa bado tuko kwenye sehemu rahisi. Wengi wanaoanguka wametoa notisi vizuri, wakaangushwa na masharti ya siku ya kutoka.

Sharti la kwanza ni kutodaiwa. Vifungu vingi vinasema kujitoa hakutafanya kazi kama mpangaji ana deni lolote chini ya mkataba siku hiyo. Isome "lolote" kwa uzito wake. Katika kesi ya Avocet dhidi ya Merol, ya mwaka 2011, mpangaji alikuwa amechelewesha kodi siku za nyuma, na mkataba ulitoza riba kwa kila ucheleweshaji. Mwenye jengo hakuwahi kumdai riba hiyo. Ilikuwa kama pauni 130. Mahakama ikasema riba ilikuwa inadaiwa ingawa hakuna aliyeipigia hesabu, sharti halikutimizwa, na mkataba ukaendelea. Ninaiona hukumu ngumu, lakini kwa mkataba ule sioni jaji angepitia wapi.

Kwa hiyo wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe mwandikie mwenye nyumba, umwombe hesabu kamili ya anachokudai. Asipojibu, jikokotolee mwenyewe kila riba na kila gharama ya huduma, na ulipe zaidi kidogo. Ukiwa na ubishi juu ya kiasi fulani, kilipe huku ukiandika kwamba hukubaliani nacho, ukidai baadaye. Ukikataa kulipa kwa sababu una haki, unaweza kushinda ubishi wa deni na kupoteza mkataba mzima. Hapa niiseme na tabia moja ninayoiona kila mahali: mpangaji anaacha kulipa miezi ya mwisho akisema "wakate kwenye amana". Kwenye mkataba wenye sharti hili, amana si kodi. Anakuwa ametengeneza deni kwa mikono yake, siku mbaya kuliko zote.

Sharti la pili ni kuikabidhi nyumba ikiwa tupu. Katika kesi ya Riverside Park dhidi ya NHS Property Services, 2016, mpangaji aliacha kuta za kugawanya ofisi na samani za jikoni alizoziweka. Mahakama ikaona nyingi ni mali yake zilizobaki, mwenye jengo hawezi kulitumia jengo kwa uhuru, na kujitoa kukashindikana. Miaka mitano baadaye ikaamuliwa rufani ya wapangaji wengine, Global Radio, waliofanya kinyume chake: walikuwa wameng'oa hata vilivyokuwa vya jengo, taa na vigae vya dari vikiwemo. Mahakama ya chini ikawaambia wameshindwa. Mahakama ya Rufani ikageuza: kukabidhi patupu kunahusu watu, vitu na haki za wengine kutokuwemo ndani; ubovu wa jengo ni dai tofauti la fidia. Ukizisoma kesi hizi mbili pamoja unapata ushauri wa kutosha: ukiwa na shaka kuhusu ulichokiweka, toa, usiguse kilichokuwepo, maliza kabla ya siku ya mwisho, rudisha funguo, na mafundi wako wasionekane tena pale.

Sharti la tatu, la kutunza na kukarabati nyumba, nalitaja kwa ufupi kwa sababu ushauri wangu juu yake ni mfupi: usilikubali. Karibu haiwezekani kulitimiza kikamilifu, na mwenye nyumba asiyetaka uondoke atapata ufa mahali. Kama limo tayari, omba akague mapema na aandike kwamba ameridhika, au kwamba hatalitumia sharti hilo dhidi yako.

Fedha za kipindi kilichobaki nazo zina mshangao wake. Marks and Spencer, kampuni ya maduka ya Uingereza, walijitoa kwenye ofisi zao London tarehe 24 Januari 2012. Kodi ililipwa kwa robo ya mwaka, mapema, na siku ya malipo ilipofika Desemba ilikuwa bado si hakika kwamba mkataba utaisha, kwa hiyo walilipa robo nzima mpaka Machi. Juu yake walilipa zaidi ya pauni 900,000 kama bei ya kutoka. Wakadai kodi ya miezi miwili ambayo hawakukaa. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ikakataa, kwa kuwa mkataba haukusema itarudishwa. Mstari mmoja wakati wa kuandika mkataba ungemaliza kesi hiyo kabla haijazaliwa.

Kwa nyumba za kuishi, angalia kwanza kama sheria imeshakupa njia bora kuliko kifungu. Nchini England, kwa mfano, chini ya Renters' Rights Act ya 2025, kuanzia 1 Mei 2026 upangaji mwingi wa kuishi kwa watu binafsi hauna tena muda maalumu, na mpangaji anaweza kutoka kwa notisi ya miezi miwili. Huko, kwa mpangaji wa aina hiyo, sehemu kubwa ya makala hii haina kazi.

Na kama mkataba wako hauna kifungu kabisa, usibuni haki ambayo haipo. Zungumza na mwenye nyumba muumalize kwa makubaliano ya maandishi, au umletee mpangaji wa kuchukua nafasi yako kama mkataba unaruhusu.

Ukiwa bado hujasaini, ninaomba mambo manne tu: tarehe ya kutoka isomeke kwa namna moja, sharti la deni lihusu kodi ya msingi peke yake, sharti la kukabidhi liseme mpangaji aache kuitumia nyumba bila kuacha wapangaji wadogo ndani, na kodi ya siku baada ya kutoka irudishwe. Mwongozo wa pango za biashara uliotolewa Uingereza mwaka 2020 na RICS, chama cha kitaaluma cha wapimaji na wathamini wa majengo, una msimamo unaokaribiana na huo kuhusu masharti, kwa hiyo wakala akikuambia ombi lako ni la ajabu, una cha kumwonyesha.